Waliokuja Saa Nne

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii, mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa wajumbe wa bodi ya kituo. Dada mpendwa unayekuja kukalia kiti changu, ambacho nakuonya mapema kwamba mguu wake mmoja ni mfupi. Wafanyakazi wenzangu wa ofisini, jikoni, stoo na getini. Ndugu zangu mnaokuja hapa kwa mikongojo, kwa viti vya magurudumu na kwa mabega ya watoto wenu. Mume wangu na wanangu mliojichagulia viti vya nyuma karibu na vinywaji. Mabibi na mabwana, habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi na tano. Jana Mheshimiwa Mkurugenzi alinipigia simu kuniuliza nitazungumzia nini, nami nikamjibu kwamba nitazungumzia kosa langu kubwa kuliko yote katika miaka ishirini na sita ya kazi. Akasema, "Mama, watu wakistaafu huwa wanazungumzia mafanikio." Nikamwambia mafanikio yapo, ila yamekaa nyuma ya kosa, na siwezi kuyafikia bila kulipitia. Akasema, "Basi pita haraka." Kwa hiyo, Mheshimiwa, naanza kupita.

Wengi wenu mnaniita Mama Saa Mbili. Mnaodhani silijui jina hilo, nalijua tangu mwaka mlioanza kulitumia, na aliyelibuni namjua pia. Amekaa safu ya pili na sasa hivi anatazama viatu vyake. Sikulaumu, baba. Jina nililipata kwa haki. Nilipokabidhiwa kituo hiki cha kutwa cha wazee na wagonjwa, nilikuta hesabu ya watu isiyo na kichwa wala miguu. Mtu akinywa chai alihesabiwa, akipimwa presha alihesabiwa, akiingia chumba cha mazoezi alihesabiwa tena, hadi makao makuu wakatuuliza kama tunahudumia mji mzima. Nikaweka sheria. Saa mbili kamili asubuhi geti linafungwa. Napita kwenye mabenchi na kalamu mkononi, namgusa kila mtu begani mara moja tu, na niliyemgusa ndiye aliyekuja. Ambaye sikumgusa hakuja, hata awe amesimama mbele yangu ananisalimia.

Mnacheka, lakini sheria ile ilisifiwa. Nilialikwa kwenye semina mbili kuifundisha. Na kweli watu waliwahi! Saa moja na nusu mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wamesimama ukutani, na mimi nikipita na kalamu yangu nilijiona jemadari. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wanawahi. Niliamini wananiogopa. Kumbe, ndugu zangu, walikuwa wanawahi chai na mkate, kwa sababu saa moja na nusu ndipo jikoni walipogawa, na kwa wengi wao hicho ndicho kilikuwa chakula cha uhakika cha siku nzima.

Ndipo ikaja posho. Nyote mnaifahamu: kila familia inayotunza mzee au mgonjwa asiyejiweza inatumiwa fedha kila mwezi, moja kwa moja kwenye simu, bila kupitia kwangu wala kwa mtu yeyote. Mnakumbuka mabishano ya siku zile? Katika kikao cha makao makuu kulikuwa na kambi mbili. Wa kwanza walisema, "Mpe mtu fedha mkononi, huduma za bure atazisahau." Wa pili walisema, "Mpe mtu fedha, atazoea kupewa, na kesho atataka hadi kiti chako." Mimi nilikuwa kambi ya kwanza, na sitawaficha, moyoni nilikuwa na wivu. Niliona kama serikali imetupita sisi watu wa huduma, ikaenda kugonga mlango wa nyumba ambayo sisi tulikuwa tunaihudumia.

Na hesabu ikaniunga mkono. Kabla ya posho nilikuwa nagusa mabega tisini na manne. Mwezi wa kwanza wa posho, sabini. Mwezi wa tatu, thelathini na moja. Mabenchi yakawa matupu kiasi kwamba paka wa jikoni alijinyoosha kwenye moja hadi mchana bila kusumbuliwa. Mkishapika chungu kizima, wanenu wakapita mlangoni wakisema, "Asante mama, tumeshakula," mnajisikiaje? Mtoto kushiba ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ukikitazama kile chungu, inauma.

Mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, ambaye sote tunamwita Nyoosha kwa sababu ndilo neno analolitamka mara nyingi kuliko salamu, alikuja ofisini kwangu mara tatu katika kipindi hicho. Kila mara alisema jambo lile lile. "Mama, nimezidiwa. Watu ni wengi kuliko zamani. Naomba msaidizi." Nikamtazama nikaona mtu anayetetea mkate wake. Nikamwambia, "Baba, hesabu yangu inasema thelathini na moja, na nusu yao wamekuja kupima presha tu. Hao wengi wako unawatoa wapi?" Akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Leo najua kwa nini aliufunga, na dakika si nyingi nanyi mtajua.

Nikakaa nikaandika barua. Ilikuwa barua nzuri, Kiswahili sanifu, aya nne. Nilieleza kwamba posho imepunguza mahitaji ya huduma, kwamba chumba cha mazoezi kifungwe, vifaa vyake wapewe wenye uhitaji na mtaalamu apangiwe kituo kingine. Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye wakati huo hakuwa na sababu ya kutoniamini, alijibu kwa mstari mmoja: endeleeni. Nami nikamwita seremala.

Seremala alikuja siku ya Jumanne, saa nne na robo, na sanduku lake la vifaa. Nikamwelekeza korido ya nyuma, kwamba akang'oe vitanda vya mazoezi na zile mbao za kushikia zilizofungwa ukutani. Haikupita dakika tano akarudi, kofia mkononi.

"Samahani, mama. Kazi ni ya vitanda vitupu au na watu wake?"

"Watu gani?"

"Waliolala juu yake."

Nikainuka. Mtaniuliza, mama, ulikuwa umekaa jengo moja na watu hao miezi mitatu, hukuwasikia? Niliwasikia! Niliwasikia wakilia na wakicheka, nikadhani ni redio ya Nyoosha. Ofisi yangu inatazama geti la mbele, mlango nafunga niandike ripoti za watu, na watu wenyewe wako nyuma yangu wananyooshwa. Nilipokata kona kuingia ile korido, sikupata pa kupita. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, juu ya viti, juu ya ndoo zilizopinduliwa, juu ya mapaja ya watu wengine. Kwa mazoea mkono ukatoa kalamu. Nikaanza kugusa mabega. Nilifika sitini na saba na korido haijaisha, na bibi mmoja akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, umeshanigusa mara mbili. Kama unatafuta foleni, mwisho wake ni kule."

Ndani, mezani, nilimkuta mama mmoja mshonaji. Leo yupo hapa, na ameniruhusu kusema habari zake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, na mkono wa kulia wa mshonaji ndio duka lake, ndiyo karo ya wanawe. Alikuwa anaokota vifungo vya shati kwenye bakuli, kimoja kimoja, kwa vidole viwili, na kila kifungo kilimchukua muda wa kutosha kusoma barua yangu yote. Pembeni yake alisimama mumewe, fundi viatu. Aliponiona alishtuka, akaanza kukusanya vitu vyao.

"Shikamoo, mama. Samahani. Tunaondoka sasa hivi."

"Mnaondoka kwenda wapi?"

"Tumechelewa. Ulituambia saa mbili ni saa mbili."

Ndugu zangu, ndipo nikawakumbuka. Ilikuwa wiki za mwanzo za posho. Walifika getini saa mbili na dakika arobaini, yeye amemshika mkewe kiunoni, na mimi niliwagongea saa yangu ya mkononi mbele ya macho yao, nikawarudisha. Sikumbuki hata kama niliwatazama usoni. Nikamwuliza yule mama, maana sasa nilitaka kujua, kwa nini zamani waliweza kuwahi na siku hizi, wana fedha ya gari, wanachelewa. Maneno yalikuwa bado yanamtoka polepole, na aliyasema kwa utulivu ambao sikuustahili.

"Mama, zamani tulikuwa tunatembea saa nzima na nusu. Mume wangu ananibeba nusu ya njia. Tukifika nimechoka, nakunywa chai yenu, nalala kwenye benchi mpaka mchana. Ulikuwa unanihesabu kila siku, lakini mazoezi sikufanya hata mara moja. Sasa tunakunywa chai kwetu, tunasubiri magari yapungue watu, tunapanda, nafika nina nguvu. Mkono wangu umeanza kurudi siku hizi ambazo hunihesabu."

Nikageuka nikamwita mlinzi wa geti.

"Hawa watu wanapita wapi?"

"Geti la nyuma, mama. Lile la kutolea taka."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa huruma, mama."

Nyoosha akadakia kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyemwomba mlinzi. Mlinzi akasema hapana, yeye ndiye aliyewakimbilia fundi viatu na mkewe siku ile nilipowarudisha, akawazungusha nyuma, na baada ya hapo habari zikaenea zenyewe. Wakaanza kugombea kosa mbele yangu, kila mmoja analivutia kwake. Na hapo nikaelewa kwa nini Nyoosha alikuwa anafungua mdomo ofisini kwangu na kuufunga. Angeniambia hao watu wanatoka wapi, ningeenda kulifunga geti la taka kwa kufuli. Walikuwa wanawaficha wagonjwa ili niwaache wapone, na kwa kuwaficha wakaniachia karatasi inayosema hawapo. Huruma yao na ukali wangu vilikuwa vinasukuma mlango mmoja, na ulibaki kidogo tu ufungike.

Basi, fedha ilifanya nini? Naomba wale wa kambi zote mbili mnisikilize, maana wengine mmekaa humu. Waliokuwa wanakuja kwa sababu ya njaa, waliacha kuja. Ni kweli, na mimi hilo niliita hasara, wakati lilikuwa jambo la kupigia vigelegele. Kuna mtu mzima gani anayependa kuamka gizani akafuate kipande cha mkate na kuguswa bega kwa kalamu? Lakini waliokuwa wanahitaji mikono ya Nyoosha waliongezeka, kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa na nauli. Wengine hatukuwahi kuwaona kabisa. Walikuwa wamelala majumbani miaka miwili, mitatu, kwa kukosa gari la kuwaleta. Posho iliwalisha, ikawavalisha, ikawapandisha gari, ikawashusha mlangoni kwetu. Baada ya hapo fedha haikuwa na la kufanya. Ilikuwa zamu yetu, na sisi tulikuwa tumemwita seremala!

Nyoosha aliniambia pale pale, bila kunilaumu, na afadhali angenilaumu: "Vidole vya mama huyu vimeanza kukubali. Tukiacha sasa, miezi miwili vitajikunja, na hatutavikunjua tena." Nikamlipa seremala nauli yake, nikamrudisha. Kisha nikaenda makao makuu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nisamehe, hapa nakutaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama, wiki mbili zilizopita uliniandikia watu hawapo. Leo unaniambia wamejaa hadi kwenye ndoo. Nimwamini mama yupi?" Nikamwambia, "Mwamini huyu mwenye aibu." Hakucheka. Aliniambia vifaa vimeshaahidiwa kwingine, uhamisho wa Nyoosha umeshaandikwa, na kwamba serikali haiendeshwi kwa aibu ya mtu mmoja. Lakini akasema atakuja kuona kwa macho yake, na nisimwambie mtu.

Alikuja Alhamisi, bila tai, kwa geti la taka. Akakaa kwenye foleni. Yule bibi aliyenionyesha mwisho wa foleni akamwuliza, "Na wewe unaumwa wapi?" Mheshimiwa, kwa kukosa jibu, akasema mgongo. Bibi akamwambia, "Basi kaa wima. Nyoosha hapendi watu wanaojikunja." Alisubiri kwa muda wa saa mbili na nusu, zamu yake ikafika, akalazwa kitandani na kunyooshwa kweli kweli, na sote tuliohudhuria vikao vyake tangu wakati huo ni mashahidi kwamba siku hizi anakaa wima.

Lakini aliondoka bila kuniahidi kitu. Wiki tano zikapita. Ndugu zangu, nimefiwa na wazazi, nimezaa watoto wanne, nimemlea mume ambaye hajui soksi zake zinakaa wapi. Sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri zile wiki tano. Kila Jumanne na kila Alhamisi nilisimama mlangoni mwa kile chumba nikitazama vidole vya yule mama vinavyookota vifungo, nikijua kwamba aliyeandika barua ya kuvirudisha nyuma ni mimi, kwa mkono wangu ambao hauna ugonjwa wowote. Chakula kilinishinda. Kustaafu kwangu kulikuwa kunakaribia, na niliona naondoka nikiwa nimefunga kitu kimoja tu maishani, na kitu chenyewe ndicho hiki.

Barua ilikuja Ijumaa iliyopita. Dereva wa makao makuu aliniletea kule koridoni, maana siku hizi sikai ofisini. Chumba kinabaki. Nyoosha anabaki. Msaidizi anakuja mwezi ujao, tena wawili. Niliisoma, nikampa mlinzi aisome kwa sauti nihakikishe macho hayanidanganyi, kisha nikakaa chini, pale pale sakafuni, nikacheka huku machozi yananitoka. Mzigo ulishuka. Nilisikia kabisa unashuka, kuanzia mabegani. Yule mama mshonaji alitaka kuja kuniinua, nikamwambia, "Wewe endelea na vifungo, mimi nimekaa vizuri."

Kwako fundi viatu, na kwako mama: niliwarudisha getini mbele za watu, na leo mbele za watu nasema, nisameheni. Mlishaniambia kule koridoni kwamba yamekwisha, lakini kosa la hadharani haliombewi msamaha faraghani. Kwako mlinzi: ulivunja sheria yangu kila siku kwa miezi mitatu, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote lililofanyika hapa chini ya uongozi wangu. Kwako Nyoosha: siku nyingine bosi wako akikuuliza watu unawatoa wapi, mwambie. Akikufokea, mwambie tena. Na kwako dada unayenirithi: sitakufundisha kazi, maana umeona mwenyewe kilichompata aliyekuwa anaifundisha kwenye semina. Nakuomba tu, kila siku, hata ripoti zikirundikana, uinuke uende korido ya nyuma. Mheshimiwa, asante kwa kusubiri foleni. Wakubwa wangapi wanaweza? Mume wangu, asante kwa miaka ishirini na sita ya kuambiwa saa mbili ni saa mbili hata siku za Jumapili.

Nimalizie na jambo la kwangu binafsi. Kuanzia mwezi ujao mimi nami nitakuwa mtu wa kutumiwa fedha kwenye simu, pensheni yangu, na ninaipokea kwa furaha. Nitanunua chai yangu na mkate wangu. Lakini nina goti hili la kushoto, limenisumbua miezi hii yote nikilificha, maana ningelitibiwa vipi katika chumba nilichokuwa nakifunga? Juzi nilimwonyesha Nyoosha. Alilibonyeza, nikapiga kelele, akasema neno lake. Kwa hiyo Alhamisi ijayo nitakuja. Sitawahi, nawaambia kabisa. Nimewahi vya kutosha. Nitapanda gari likishapungua watu, nitashuka hapa saa nne, nitapita geti la mbele, ambalo siku hizi halifungwi saa mbili, na nitakaa mwisho wa foleni. Tafadhali mnihesabu.

Mlionisikiliza tangu salamu ya kwanza, asanteni sana. Na ninyi mlioingia katikati ya hotuba mkainama nisiwaone, niliwaona. Asanteni vilevile, nanyi mmekuja.